GPA ya 3.4 na milango ya shahada ya uzamili

Nilihitimu shahada ya kwanza ya takwimu nikiwa na GPA (wastani wa alama za kozi zote, kwa mizani ya 5.0) ya 3.4, hatua moja tu chini ya daraja la pili la juu, ambalo kwa mizani yetu ya Tanzania huanzia 3.5. Hesabu halisi ilikuwa 3.48, lakini chuoni kwetu tarakimu ya mwisho ilikatwa, haikukuzwa, na kwa hiyo kila fomu niliyoijaza tangu siku hiyo imesomeka 3.4. Nimeomba masomo ya juu kwa tarakimu hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na siku hizi nipo upande wa pili wa meza: mradi wa utafiti ninakofanya kazi hufadhili wanafunzi wachache wa uzamili, nami ni mmoja wa wanaosoma maombi yao. Ninaandika kwa ajili ya mwanafunzi ambaye bado yuko chuoni, na kwa aliyekwisha kuhitimu na matokeo ambayo hapendi kuyaonyesha.

Alama zangu ziliharibika mwaka wa kwanza. Nilitoka shule nikiamini kwamba hisabati ni mali yangu, nikaingia chuoni nikavuta mguu, na muhula wa kwanza ulipoisha nilikuwa na sapu mbili, yaani mitihani ya marudio, moja ya kalkulasi na nyingine ya aljebra. Nilizifaulu zote, na nilidhani jambo limekwisha. Sikujua kwamba mtihani wa marudio, kwa utaratibu wa chuo chetu, haukuruhusu alama zaidi ya C hata mtu angepata asilimia 90, na C ni pointi 2 wakati A ni pointi 5. Kozi zile mbili zilikuwa na krediti nyingi, yaani uzito mkubwa katika hesabu ya wastani, kwa hiyo ziliendelea kuivuta GPA yangu chini hadi siku ya mwisho, ingawa mwaka wa tatu sikupata chochote kilichopungua B+. Kama kuna jambo ambalo ningependa mshauri wa wanafunzi alitamke wiki ya kwanza, ni hili: krediti za mwaka wa kwanza zina uzito uleule wa krediti za mwaka wa mwisho, na sapu huacha kovu hata ikipona.

Sasa, tarakimu hiyo ilifanya nini nilipotaka kuendelea? Jibu linategemea sana mlango uliobishwa. Hapa nyumbani kiwango cha chini cha kudahiliwa shahada ya uzamili ni GPA ya 2.7 katika vyuo vingi, na 3.4 ilinivusha bila swali. Jirani zetu Kenya wana desturi inayofanana nayo, ambapo mwenye daraja la pili la chini mara nyingi huombwa aambatanishe uzoefu wa kazi wa miaka miwili. Ugumu ulianza nilipotaka ufadhili wa kwenda nje. Udhamini wa Chevening wa Uingereza, kwa mfano, kwa kawaida hudai shahada inayolingana na daraja la pili la juu la huko pamoja na saa 2,800 za kazi. Saa nilikuwa nazo, daraja sikuwa nalo. Katika ufadhili wa aina hii hakuna mtu anayekaa chini kupima kama 3.48 ni karibu na 3.5, fomu hukaguliwa kwanza kwa masharti, na insha nzuri ya mtu asiyetimiza masharti haifiki kwa msomaji.

Ujerumani walinifundisha somo jingine. Vyuo vyao vingi hubadilisha alama za kigeni kwa kanuni inayoitwa ya Bavaria, ambayo huchukua alama ya juu kabisa ya mizani yako, huondoa alama yako, hugawanya kwa tofauti kati ya alama ya juu na alama ya chini ya kufaulu, huzidisha kwa 3, kisha huongeza 1. Kwa mizani yetu ambayo juu ni 5.0 na kufaulu ni 2.0, hesabu hiyo hurahisika ajabu: toa GPA yako kwenye 6. Mwenye 4.4 anapata 1.6, alama nzuri kwao, kwa sababu huko 1.0 ndiyo bora na 4.0 ndiyo mwisho wa kufaulu. Mimi nilipata 2.6. Programu niliyoitaka ilidai 2.5 au bora zaidi. Nilicheka peke yangu siku ile, kwa sababu kama ningehesabiwa 3.48 kamili ningepata 2.52, mpakani kabisa.

Marekani mambo ni tofauti tena. Vyuo vingi vinataka wastani wa 3.0 kwa mizani ya 4.0, na Watanzania wengi huzidisha GPA yao kwa 0.8 wakaona wameanguka. Usifanye hivyo. Vyuo vingi huelekeza mwombaji aandike alama zake kwa mizani ya chuo chake, nao huzitafsiri wenyewe, au hutaka upeleke matokeo kwa taasisi ya kutathmini vyeti kama WES, ambayo hupitia kozi moja baada ya nyingine. B+ yetu ya asilimia 60 hadi 69 haionekani sawa ikisomwa na mtu anayejua mizani yetu na ikisomwa na kikokotoo cha simu yako.

Kuna mlango mmoja ambao haukufunguka kamwe, na ninausema ili asiwepo mtu wa kudanganywa. Nilitaka kufundisha chuo kikuu. Vyuo vya umma nchini hutangaza nafasi za mkufunzi msaidizi kwa sharti la GPA isiyopungua 3.8 katika shahada ya kwanza. Wanaowaambia vijana kwamba mtaani GPA si kitu huwa hawajawahi kutaka kazi hiyo.

Kilichonisaidia hatimaye ni kurudi nyuma hatua moja. Nilisoma uzamili hapahapa nchini, nikiwa tayari nina miaka mitatu ya kushughulikia takwimu za utafiti wa afya, na nikaufanya kwa bidii niliyoikosa mwanzo. Baadhi ya wafadhili hutambua njia hii waziwazi: ufadhili wa Jumuiya ya Madola humkubali mwenye daraja la pili la chini ikiwa ana shahada ya uzamili inayohusiana na fani. Ni njia ndefu, na ina gharama, lakini matokeo mapya husimama mbele ya yale ya zamani.

Nikiwa msomaji wa maombi nimegundua kwamba baada ya sharti la chini kuvukwa, GPA yenyewe hunipa habari kidogo sana. Ninafungua transkripti, orodha ya alama za kila kozi. Mwombaji wa takwimu mwenye 4.1 aliyepata C katika uwezekano na inferensia, kozi za msingi za fani yake, huku A zake zikitoka kwenye kozi za jumla, hunitia wasiwasi kuliko mwenye 3.5 ambaye alama zake zinapanda mwaka hadi mwaka na tasnifu yake ina A. Barua ya mdhamini aliyesimamia tasnifu hiyo, akieleza mwanafunzi alifanya nini hasa na data, huwa na uzito kuliko barua ya mkuu wa idara asiyemjua. Na kama kuna doa, lielezwe kwa sentensi mbili au tatu zisizo na malalamiko. Mwombaji mmoja alitumia ukurasa mzima kuwalaumu walimu wake wa mwaka wa kwanza, na nilipofika mwisho sikuwa bado nimejua anataka kutafiti nini.

Mwaka jana binamu yangu aliyekuwa amemaliza nusu ya krediti zake akiwa na 3.1 aliniuliza kama 3.5 bado inawezekana. Tulichukua karatasi. Nusu iliyobaki ilihitaji wastani wa 3.9, yaani karibu B+ katika kila kozi, na kila B ifidiwe na A mahali pengine. Nilimwambia kwamba kihesabu inawezekana, lakini aanze kwa kuiacha ile kozi ya hiari aliyoichagua kwa sababu rafiki zake wote wamo.