Maswali ya Wasomaji: Kati ya Bunge la Taifa na Seneti, Lipi Lililo Kubwa?

SWALI: Mhariri, huku kwetu Voi tunamchagua mbunge na pia tunamchagua seneta, na wote wawili huenda Nairobi kutunga sheria. Je, kati ya Bunge la Taifa na Seneti, lipi lililo kubwa? Na kwa nini wakivutana wao, fedha za kaunti ndizo zinazochelewa?
Msomaji, Taita Taveta

JIBU: Ndugu msomaji, Katiba ya mwaka 2010 haikuliweka bunge moja juu ya jingine, bali iliyagawia kazi. Bunge la Taifa lina wabunge 290 wa maeneobunge, wawakilishi wa wanawake 47 na wabunge wateule 12. Hilo ndilo linaloidhinisha mawaziri na kupitisha bajeti ya serikali kuu, na mswada wowote wa kutoza kodi lazima uanzie huko. Seneti ina maseneta 47 waliochaguliwa, mmoja kwa kila kaunti, pamoja na wateule 20 wanaowakilisha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kazi yake kuu ni kulinda ugatuzi.

Kwa kuwa Seneti haina usemi katika mambo ya kodi, wako wanaodai kuwa ni ya kupamba tu. Sikubaliani nao hata kidogo. Unapopigiwa kura mswada unaohusu kaunti, karani huita kaunti moja moja, na kiongozi wa ujumbe, ambaye ni seneta aliyechaguliwa, husimama na kutamka msimamo wa kaunti yake. Maseneta wateule walioandikishwa kupiga kura katika kaunti hiyo wamo katika ujumbe huo, lakini kura ni moja tu. Kwa hiyo Lamu, yenye watu wachache, ina kura sawa na Nairobi, na mswada haupiti bila kuungwa mkono na kaunti 24.

Sasa nije kwenye fedha. Kila mwaka Mswada wa Ugavi wa Mapato hugawa mapato ya nchi kati ya serikali kuu na kaunti, ambazo Katiba inazihakikishia asilimia 15 kwa uchache, kisha mswada mwingine hugawa fungu hilo miongoni mwa kaunti zenyewe. Miswada yote miwili lazima ipite katika mabunge yote mawili. Yasipokubaliana, huundwa kamati ya upatanisho yenye idadi sawa ya wajumbe kutoka kila upande, nayo ikishindwa kuafikiana kwa siku 30, mswada hufa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2019: Bunge la Taifa lilitaka kaunti zipewe shilingi bilioni 310, Seneti ikashikilia bilioni 335, mwaka mpya wa fedha ukaanza Julai pasipo sheria ya ugavi, hadi mnamo Septemba walipokubaliana bilioni 316.5. Lakini si kila mara lawama ni ya Bunge la Taifa, maana mwaka 2020 mvutano ulikuwa ndani ya Seneti yenyewe, juu ya fomula ya kugawia kaunti.

Seneti pia ndiyo inayosikiliza mashtaka ya viongozi wanaotakiwa kubanduliwa. Gavana hushtakiwa kwanza na bunge la kaunti. Rais na naibu wake hushtakiwa na Bunge la Taifa. Oktoba 2024 wabunge 281 walipiga kura ya kumbandua Naibu Rais Rigathi Gachagua, lakini ni Seneti iliyosikiliza kesi na kumpata na hatia katika mashtaka matano kati ya 11.

Ugomvi mkubwa, kwa maoni yangu, umo katika Kifungu cha 110, kinachowataka maspika wawili waamue kwa pamoja kama mswada unahusu kaunti. Spika mmoja akiamua peke yake, Seneti hurukwa. Ilitokea hivyo kwa Mswada wa Ugavi wa Mapato wa 2013, na Novemba mwaka huo Mahakama ya Upeo ikatoa ushauri kwamba Seneti ilistahili kushirikishwa. Tahadhari ya kutoiruka Seneti ina sababu: Seneti ya kwanza, ya mwaka 1963, iliyokuwa na maseneta 41, ilivunjwa mwaka 1966 kwa kuunganishwa na bunge lile jingine, wakati serikali za majimbo zilizopaswa kulindwa nayo zilikuwa zimekwisha kufutwa.

Kwa hiyo fedha za zahanati ya kaunti zikikwama, muulize seneta wako alivyopiga kura ya Taita Taveta. Jibu lake unaweza kulilinganisha na Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi ya mijadala ya bunge, ambayo huchapisha kura hizo kaunti kwa kaunti.