Flashi isiyo na waya: inawaka sebuleni, nje inagoma

Mdogo wangu wa Nakuru ameuliza: flashi yake ya pembeni, ile isiyokaa juu ya kamera, inawaka vizuri sebuleni, lakini akipanda nayo Menengai mchana inagoma, na jioni ikikubali kuwaka picha zinatoka na utepe mweusi chini. Je, anunue flashi ya pili? Mimi napiga picha za harusi Kisumu, na hayo ni magonjwa mawili tofauti. Nimeugua yote.

La kugoma ni rahisi. Mdogo wangu, umesema flashi yako inaamshwa na mmweko wa flashi ndogo uliyoipachika juu ya kamera. Maana yake lazima jicho lake lione ule mmweko. Sebuleni kuta na dari zinaurudisha, kwa hiyo hata ukiipa kamera kisogo inaona. Nje hakuna ukuta, na jua linaumeza mmweko mzima. Nilihangaika hivyo muda mrefu, shemeji yangu akiikinga flashi jua kwa kofia yake. Na harusini ni balaa zaidi: kila mjomba aliyekuja na kamera akipiga yake, yangu nayo inaitikia. Keki haijakatwa, betri zimekwisha.

Dawa ni triga ya redio, kifaa kidogo kinachokaa juu ya kamera na kuiamuru flashi iwake kwa mawimbi ya redio. Nyingi hutumia masafa ya 2.4 GHz, hazihitaji kuonana na flashi. Unaweza kuificha nyuma ya nguzo na bado itawaka. Hakikisha tu triga ni ya aina ya kamera yako, inaelewana na flashi yako, na zote ziko chaneli moja. Mara nyingi nikidhani mtambo umekufa, nakuta chaneli imeguswa ndani ya begi.

Sasa ule utepe. Shata, ule mlango wa kamera unaofunguka na kufunga kupitisha mwanga, ina mapazia mawili. Kwenye kamera nyingi, hadi spidi ya 1/200 au 1/250 ya sekunde, kuna nukta ambapo mapazia yote yako wazi na sensa nzima, yaani kile kibao kinachonasa picha, inaiona flashi. Ukipita hapo, pazia la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijafika mwisho. Flashi ni kufumba na kufumbua. Sehemu iliyofunikwa haipati kitu. Triga, au flashi ndogo ya juu ya kamera, yenye pini moja tu ya katikati haiiambii kamera kwamba kuna flashi, kwa hiyo kamera haikuzuii.

Mimi nilifundishwa na mama wa bibi harusi. Tulikuwa ufukwe wa Dunga, Ziwa Victoria, giza linaingia, shata nimeisahau kwenye 1/500 tangu mchana. Nikaona weusi chini ya picha, nikasema ni kivuli cha mtumbwi. Nikapiga kama arobaini hivi. Mama akachungulia kioo cha kamera, akaniuliza kwa upole kabisa, "Kijana, mbona mwanangu hana miguu?"

Flashi nyingine zina uwezo wa kufuata shata ya kasi, zinamemeteka mfululizo pazia likipita. Inasaidia, lakini nguvu inashuka sana, na kwa flashi ndogo utalazimika kumsogelea mtu hadi stendi inaingia kwenye picha. Mimi huona heri kusubiri jua lishuke. Huku karibu na ikweta halichelewi: kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro limezama ziwani, na baada ya hapo una kama dakika ishirini za anga nzuri. Uwe umeshajipanga.

Nafanya hivi. Nazima flashi, napiga anga peke yake: ISO (wepesi wa sensa kunasa mwanga) 100, shata 1/200, kisha naongeza au napunguza tundu la lenzi mpaka mawingu yatoke na rangi niitakayo. Mtu atakuwa mweusi tii, usijali. Ndipo nawasha flashi kwa mkono, si otomatiki, naanzia 1/8 ya nguvu. Akififia naenda 1/4, akiungua 1/16. Giza likizidi, naipunguza spidi ya shata. Anga inarudi, na mwanga wa flashi usoni haubadiliki. Hapo ndipo utakapoipenda hii kazi. Jani la plastiki la rangi ya chungwa mbele ya flashi nalo linasaidia, maana bila hilo uso unakuwa wa samawati na nyuma machweo yanawaka.

Umbali nao usiupuuze. Ukiisogeza flashi kutoka mita 1 hadi mita 2, mwanga haubaki nusu, unabaki robo. Kwa mtu mmoja ni raha, unaiweka karibu na nyuma kunatulia gizani. Kwa kwaya ni msiba: wa mwanzo anang'aa kama bati jipya, wa mwisho hatambuliki. Kwa kundi rudisha flashi nyuma, iinue juu, ongeza nguvu.

Halafu upepo. Jioni ziwa hupumua kuelekea mjini, na mwavuli wa picha, ule wa kulainisha mwanga wa flashi, ni tanga. Wangu uliwahi kwenda na stendi yake hadi kwenye magugumaji, flashi ikiwa juu. Siku hizi nabeba kigunia kitupu, nakijaza mchanga papo hapo, nakining'iniza kwenye stendi. Upepo ukizidi, naufunga mwavuli na shemeji anashika flashi mkononi.

Flashi ya pili iache kwanza. Nunua triga, na seti mbili za betri za kuchaji za NiMH. Flashi inajijaza haraka kuliko kwa zile za kutupa, ambazo zikichoka unabaki umesimama unangoja taa iwake huku bwana harusi ameshafumba macho.