Maswali ya Wasomaji: Anwani ya printa imebadilika bila kukusudiwa

SWALI: Ninatunza seva ndogo ya Linux katika maabara ya kompyuta ya shule. Tulipohamishia hifadhidata kwenye anwani mpya, niliandika skripti ya sheli yenye amri hii: sed -i 's/192.168.1.1/192.168.1.5/' *.conf. Hifadhidata inapatikana, lakini printa yenye anwani 192.168.1.10 haionekani tena, na katika baadhi ya mistari anwani ya zamani imebaki. Kosa liko wapi?
Msomaji, Chumbageni, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, sed, programu inayobadilisha maandishi ndani ya faili, haijui anwani ni nini, inalinganisha herufi tu. Kwa kuwa 192.168.1.10 huanza na herufi zilezile ulizoagiza zitafutwe, printa yako ikaandikwa 192.168.1.50. Tena nukta, katika ruwaza (yaani maandishi unayoagiza yatafutwe), husimama badala ya herufi yoyote moja, hivyo hata jina la kompyuta lililoandikwa 192-168-1-1 lingebadilishwa. Mistari iliyobaki ni ile yenye anwani hiyo zaidi ya mara moja, kwani bila g mwishoni sed hubadilisha ya kwanza tu katika kila mstari.

Usijaribu kurekebisha kwa kuigeuza amri hiyo kinyumenyume, maana utaiharibu pia anwani ya hifadhidata iliyokwisha kukaa sawa. Kama huna nakala za awali, endesha grep -n '192\.168\.1\.5[0-9]' *.conf, kisha upitie kwa macho kila mstari utakaoonyeshwa. Kazi hiyo inachosha, lakini skripti haiwezi kutambua ipi ilikuwa 50 tangu mwanzo.

Amri iliyofaa ni hii: sed -i.bak 's/\b192\.168\.1\.1\b/192.168.1.5/g' *.conf. Alama ya \ huifanya nukta iwe nukta tu, \b huzuia ruwaza isiingie katikati ya namba ndefu zaidi, na .bak huacha nakala ya kila faili, ambayo utailinganisha na faili jipya kwa diff kabla ya kuiwasha upya huduma yoyote. Mimi hutanguliza grep yenye ruwaza ileile, nione kwanza itagusa nini.

Ikiwa faili ni kiungo tu cha faili lililo kwenye folda nyingine, ongeza --follow-symlinks; la sivyo sed itaweka faili jipya mahali pa kiungo, na faili lenyewe litabaki na anwani ya zamani.