Upande wa soksi nyekundu: mazoezi ya mgongo ya mtoto, kliniki au kwa video?

Wiki mbili nzima binti yangu alifanya zoezi lake upande usio wake. Kila jioni, dakika 20, kwenye mkeka mbele ya kompyuta. Mtaalamu wa fiziotherapia alipompigia video alimwambia "safi sana", nami pembeni najipongeza kwamba tumeepuka safari za kliniki. Tuliporudi kliniki, mtaalamu alimgusa kwa vidole viwili chini ya kombe la bega la kushoto, pale palipobonyea, akamwambia, "Vuta pumzi, jaza hapa." Mtoto akajaza kulia, tena kwa bidii kabisa.

Kosa lenyewe lilikuwa la kijinga. Kwenye simu za video, mara nyingi unajiona kama kwenye kioo, lakini mwenzako unamwona alivyo. Mtaalamu akiinua mkono wa kulia, kwenye skrini yako unatokea upande wako wa kushoto, na mtoto anayeiga anainua wa kushoto. Mtaalamu naye anajiona kama kwenye kioo, kwa hiyo kwake picha zote mbili zinalingana. Hakuna anayeshtuka.

Kwa mtoto anayeinama tu mabega mbele, hilo halina neno, maana mazoezi yake karibu yote ni ya pande mbili sawasawa. Binti yangu ana skoliosisi, uti wa mgongo uliopinda kando huku ukijizungusha. Wake umepinda kulia, nyuzi 17 kwenye picha ya eksirei. Mazoezi aliyopewa yanatoka kwenye njia aliyoianzisha Katharina Schroth huko Meissen, Ujerumani, mwaka 1921, yeye mwenyewe akiwa na mgongo uliopinda. Msingi wake ni kupeleka pumzi upande uliobonyea na kuzuia ule uliovimba usivimbe zaidi. Ukigeuza upande, unafundisha mwili kinyume.

Tulitatua kwa soksi. Mguu wa kushoto soksi nyekundu, wa kulia mtupu. Mtaalamu hasemi tena kulia wala kushoto, anasema "upande wa soksi". Nawashauri wote wenye mtoto wa skoliosisi muanze na hilo kabla ya kufikiria kompyuta nzuri au intaneti ya kasi.

Kwa hiyo nikiulizwa kipi bora, kliniki au video, jibu langu ni kwamba mikono itangulie. Mgongo wa mtoto ushikwe na mtu anayejua kabla haujatazamwa kwenye skrini. Mtoto mwenye kibiongo cha mazoea, ukimwambia ajinyooshe ananyooka. Mwingine hata akilala kifudifudi mgongo unabaki umetuna, maana mifupa yenyewe imekua kwa umbo la kabari, na huyo anahitaji daktari wa mifupa. Kwenye video wanaweza kufanana kabisa. Hata urefu wa miguu, ukakamavu wa misuli ya nyuma ya paja na nguvu za vidole vya miguu, hayo hupimwa kwa kushika. Na kama mtoto anaamka usiku kwa maumivu ya mgongo, ana ganzi, miguu inalegea, au mkojo unamponyoka ghafla, mambo ya mazoezi yaweke kando, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.

Sisi tuligundua kwa bahati. Aliinama kufunga viatu, nikaona mbavu za upande mmoja zimepanda juu ya nyingine kama mto uliokunjwa vibaya. Baadaye nikaambiwa kuwa hicho ndicho kipimo chenyewe: mtoto anainama mbele, magoti yamenyooka, viganja vimekutana, nawe unatazama mgongo kwa nyuma. Ni jambo la dakika moja, na unaweza kulifanya leo. Mkunjo wa kuanzia nyuzi 10 kwenye eksirei ndio unaoitwa skoliosisi. Ukifika karibu 25 na mtoto bado anakua, madaktari huzungumzia mkanda mgumu wa kuvaa kiwiliwilini. Hapo sikilizeni daktari, si mimi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba asilimia 72 ya waliovaa mkanda walimaliza kukua bila mkunjo kufikia kiwango cha kupasuliwa, dhidi ya asilimia 48 ya waliofuatiliwa tu. Anayekuuzia mazoezi ya mtandaoni ya kunyoosha mgongo kwa siku 30 badala ya mkanda anakuibia muda wa ukuaji, na huo haurudi.

Sasa niitetee video, maana inasemwa vibaya kuliko inavyostahili.

Kliniki mtoto wangu ni malaika. Anakaa wima, anajibu "ndiyo, daktari". Kwenye video mtaalamu aliomba nigeuze kamera aone anapofanyia kazi za shule. Akaona kiti kirefu, miguu inaning'inia, daftari limewekwa mapajani. "Mama, wiki hii zoezi ni hilo," akasema. Tukaweka rundo la vitabu vikuukuu chini ya miguu, daftari likapanda mezani. Kliniki tungekwenda mwaka mzima asingekiona kile kiti. Halafu kuna suala la kuendelea. Mazoezi haya yana faida yakifanywa karibu kila siku, na kliniki huwezi kwenda kila siku. Kupigiwa video mara moja kwa wiki kunamfanya mtoto ajue kuna mtu atakayeuliza.

Kamera iwekwe juu ya kitu, isishikwe mkononi, usawa wa kifua cha mtoto, umbali wa kutosha aonekane kichwa hadi kisigino. Kwa kibiongo mpige picha kwa ubavu, kwa skoliosisi kwa nyuma. Sisi mwanzo tulimwelekeza kamera usoni, tukawa tunatazama tabasamu huku mbavu za chini zikichomoza na pumzi imebanwa. Nguo ziwe za kubana. Mzazi awepo chumbani muda wote, na uliza mapema kama kipindi kinarekodiwa na nani anaitunza rekodi. Ni mwili wa mtoto huo, usione aibu kuuliza.

Mtoto wa chini ya miaka saba, kwa maoni yangu, msijisumbue na video. Atatazama uso wake kwenye skrini na kutoa ulimi. Huyo apande, aning'inie, akimbie. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kwa siku kuanzia miaka mitano, na mgongo wake utafaidika humo humo.

Kingine nilichokosea ni kugeuka mwalimu. Nilikuwa namfokea mezani, "Nyooka! Nyooka!", mpaka akaanza kula haraka ili aondoke. Mtaalamu akanikataza. Kazi yangu ikawa kuweka viganja viwili mgongoni pake aliponionyesha, bila kusema neno, na mtoto asukume pumzi kuelekea kwenye kiganja. Usiweke mikono usipoonyeshwa ana kwa ana, na hiyo ni sababu nyingine ya kuanzia kliniki.

Ratiba yetu ilikuwa kliniki kila baada ya wiki sita, video kila Jumamosi, mkeka jioni tano kwa wiki. Tangu alipoanza kurefuka kwa kasi mtaalamu ametaka kliniki iwe kila mwezi, kwa kuwa huu ndio wakati mkunjo unapoweza kukimbia. Soksi imetoboka kisigino, na mwenyewe anasema ijayo iwe ya zambarau.