Ndege ya Mwanza na ya Dubai si jengo moja

Dada uliyeuliza kama mama akitoka Mwanza ataunganisha ndege ya Dubai ndani ya jengo hilo hilo pale Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam: hapana. Ndege za ndani kwa kawaida hutua Terminal 2, lile jengo la zamani la 1984. Za nje zipo Terminal 3 tangu Agosti 2019. Ni majengo tofauti, kwa hiyo mama atatoka nje na mabegi yake, achukue gari, kisha aanze upya ukaguzi. Si mbali, ila kwa jua la saa nane mchana usimwache mtu mzima akokote begi kwa miguu. Asome vizuri jengo lililoandikwa kwenye tiketi, maana Terminal 1 nayo ipo, ya ndege ndogo.

Wewe unayekwenda kumpokea, ogopa Barabara ya Nyerere jioni. Flaiova ya Mfugale pale Tazara imesaidia sana, lakini foleni huwa inakusubiri mbele. Daladala za Gongo la Mboto zinapita hapo nje, bei poa, ila si kwa mizigo.

Na tiketi ikisema DAR, yaani Dar es Salaam, msishangae: makao makuu ya serikali yalihamia Dodoma, lakini wageni wengi bado wanashukia Kipawa, uwanja huu ulipo.