Pesa ya mbao ianzie kwenye fremu

Nilipojenga Buhongwa nilifanya kosa ambalo bado naliona kwenye nyumba nyingi za Mwanza: milango ya mninga, fremu za mlingoti (mkaratusi) mbichi. Mlango ndio anaouona mgeni akibisha hodi, kwa hiyo pesa ikaenda huko. Fremu nikasema itapigwa rangi, nani ataijua.

Fremu ziliingia ukutani Aprili, masika yamekolea. Kufika Agosti jua la kiangazi lilikuwa limezinyonya. Mguu mmoja wa fremu ya mlango wa mbele ulijisokota, plasta ikaachana nao mpaka unaingiza kidole. Ulimi wa kitasa ukawa unagonga bati badala ya kuingia tunduni. Kwa miezi kadhaa nilifunga nyumba yangu kwa kusukuma mlango na goti huku mkono unazungusha ufunguo, na mlango wenyewe hauna kosa lolote.

Nilipomwita mzee mmoja fundi seremala aje auguze, alitazama akacheka. "Mwanangu, mlango ukiumwa unaufungua bawaba, unaupeleka kwa randa, jioni umerudi. Hii fremu mpaka uvunje ukuta." Nikavunja ukuta. Plasta mpya, rangi mpya, na siku tatu tumelala mlango umezibwa kwa turubai.

Tangu hapo, mtu akiniuliza namwambia: kama mbao nzuri hazitoshi, zipe fremu kwanza, hasa za nje. Mkongo ndio chaguo langu la fremu. Ni mgumu, mzito, mchwa hauupendi, na ukishakauka hauchezichezi. Mafundi watalalamika kwamba unaua misumeno, waache walalamike. Mninga nao ni mzuri na una sifa moja adimu: ukikauka hausinyai sana kama mbao nyingine ngumu, ndiyo maana unatulia kwenye milango. Mtiki ni salama pia. Mvule ukiupata uliokomaa usiuache, ingawa ndani mwake mara nyingine kuna vipande vigumu kama mawe vinavyovunja makali ya msumeno. Paina, hata hizi za msitu wa Rubya kule Ukerewe, ziache kwa milango ya vyumba vya ndani, na ziwe zimetiwa dawa.

Lakini jina la mti peke yake halitoshi. Mninga unaodumu ni kiini, ile sehemu ya kahawia inayoelekea wekundu. Pembeni mwake kuna mbao nyeupe yenye umanjano, na hiyo ni chakula cha fukusi, wadudu wanaotoboa mbao. Muuzaji akikupigia vanishi ya rangi nzito kabla hujauona ubao, kuna kitu anakificha. Omba ubao usiopakwa kitu, ugeuze pande zote nne, angalia na kichwa chake. Mlango wangu mmoja wa chumbani ulikuwa na ukanda mweupe wa upana wa vidole viwili. Mwaka wa pili nikaanza kufagia unga laini chini yake kila asubuhi. Na uliza risiti na kibali cha kusafirisha mazao ya misitu. Mzigo ukikamatwa njiani, fedha uliyokwishatanguliza itakuhangaisha.

Kwenye ukavu ndiko wengi hudanganywa. "Imekauka hii, bosi" ni salamu ya sokoni tu. Mimi hufanya hivi: nakata kipande kifupi katikati ya ubao, siyo kichwani, maana kichwa hukauka mapema. Nakipeleka kwa muuza duka, kinapimwa kwenye mzani wake wa sukari, naandika uzito kwa kalamu juu yake. Wiki inayofuata tena. Kikiendelea kupungua, mbao bado zina maji. Lakini kipande kidogo hukauka kabla ya ubao, kwa hiyo uzito ukisimama nakata kingine; hicho kipya kisipopungua tangu mwanzo, mwite fundi. Wakati huo mbao zangu zimepangwa kivulini, kila safu imetenganishwa na vijiti ili upepo upite. Za fremu ya pili zilikaa miezi mitano. Mke wangu alizichoka, watoto walizigeuza jukwaa.

Huku kwetu kuna jambo jingine. Nyumba nyingi zimekaa chini ya mawe, na mvua ikinyesha maji yanateleza juu ya jiwe moja kwa moja hadi ukutani. Upande wa fremu unaotazama tofali hauonekani tena baada ya plasta, kwa hiyo upake lami au rangi ya kuzuia maji kabla haijasimamishwa. Miguu yake isizikwe ndani ya sakafu. Hapo inakunywa maji kama utambi, na mchwa unapata ngazi.

Mlango nao hupakwa vanishi mbele na nyuma, ukingo wa chini ukasahaulika kwa sababu hakuna anayeuona. Ndipo unyevu wa Novemba unapoingilia, mlango unavimba, unaanza kukwaruza sakafu, na fundi anakuja kuuranda na kuacha mbao wazi tena. Kabla hujamlipa fundi pesa ya mwisho, washa kamera ya simu, iteleze chini ya mlango, piga picha. Nilipofanya hivyo kwa milango yangu sita, minne ilikuwa mbao tupu.