Swali la lugha: Aliyetunga, aliyechapa na aliyeuza si mtu mmoja

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko Ngamiani, Tanga. Tunapanga kabati la vitabu vya zamani vya dini na mawaidha vilivyotungwa na wanawake, pamoja na picha za vitabu vya Uingereza vya aina hiyo, ili wanafunzi waone biashara yake ilivyokwenda. Nimeandika vikadi vitatu na wenzangu wamenibishia karibu kila neno. Cha kwanza: «Utendi wa Mwana Kupona, na Alice Werner na William Hichens, 1934.» Cha pili: «Wasifu wa Siti binti Saad. Mwandishi wa kike.» Cha tatu: «Vipeperushi vya H. More, mchapaji, Uingereza 1795. Vilinunuliwa na maskini milioni 2, naye akalipwa mrabaha.» Nimekosea wapi? Na je, «mwandishi wa kike» ni Kiswahili kizuri?

Jibu: Marahaba, dada. Wenzako wana haki ya kubisha, ingawa si kwa kila neno. Kosa kubwa ni moja nalo limejirudia katika vikadi vyote: hujasema nani alifanya nini. Kiswahili kina kitenzi chake kwa kila mkono uliogusa kitabu. Yupo aliyetunga, aliyenakili, aliyefasiri, aliyehariri, aliyechapa, aliyechapisha na aliyeuza. Ukiweka «na» au «wa» peke yake, mikono hiyo yote inachanganyika, na katika vitabu vya zamani unaopotea kwanza huwa ni wa mwanamke.

Tuanze na kikadi cha kwanza. Msomaji asiyejua habari ataelewa kwamba utendi huo ni kazi ya Wazungu wawili, au kwamba Mwana Kupona, Werner na Hichens waliuandika kwa pamoja, maana «na» ya mtenda na «na» ya kuunganisha ni neno lile lile. Mtunzi ni Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, mke wa Bwana Mataka aliyetawala Siyu. Aliutunga akiwa mgonjwa, kumuusia bintiye Mwana Hashima. Tena hatuhitaji kubahatisha kitenzi. Katika beti za mwishoni anajiita «mwenye kutunga nudhumu», anataja jina lake na Pate alikozaliwa, kisha anautaja mwaka kwa hesabu ya Kiarabu: alifu, miateni, hamsa wa sabini, yaani 1275 ya Hijra. Washairi wengi wa tenzi walitia jina na tarehe ndani ya beti namna hiyo hiyo. Hilo linatufaa, maana karatasi ya kwanza ya mswada huweza kuchakaa na kupotea mapema, ilhali ubeti unanakiliwa pamoja na utenzi wenyewe. Kwa hiyo ukikuta mswada usio na jina juu, soma beti za mwisho kabla ya kuandika kwamba mtunzi hajulikani.

Werner na Hichens ndio walioutoa kitabuni mwaka 1934, huko Medstead, Uingereza, pamoja na fasiri ya Kiingereza. Hao ni wahariri na wafasiri. Alice Werner naye ni mwanamke, aliyefundisha Kiswahili chuoni London. Basi kikadi chako kina wanawake wawili, kila mmoja na kitenzi chake, nawe umewapa wote «na» moja. Kiandike hivi:

Utendi wa Mwana Kupona
Mtunzi: Mwana Kupona binti Mshamu, wa Pate
Umetungwa: 1275 H (1858/59)
Wahariri na wafasiri: Alice Werner na William Hichens
Umechapishwa: Medstead, Uingereza, 1934

Hapo kuna mambo matano madogo yanayowakosesha wengi. Mwaka wa Hijra karibu kila mara huangukia miaka miwili ya Miladi. 1275 ilianza Agosti 1858, kwa hiyo mkwaju ule kati ya 1858 na 59 una kazi, usiufute. «Binti» usiiache. Ni kweli mtunzi mwenyewe katika ubeti amesema «Mwana Kupona Mshamu» bila binti, lakini pale alikuwa anatimiza mizani ya nane, wewe huna mizani ya kutimiza. Mshamu ni jina la baba, si la ukoo, kwa hiyo katika orodha ya alfabeti mpange kwenye «Mwana Kupona», si kwenye «Mshamu, M. K.» kama ambavyo kompyuta itataka kukulazimisha. Na «Mwana» hapa ni jina la heshima la mabibi wa pwani ya kaskazini, lisitenganishwe na Kupona.

La tano ni «utendi». Huko Lamu na Pate wanasema utendi, huku Mrima na Unguja tunasema utenzi. Jina la kitabu liache lilivyo kwenye nakala. Katika maelezo yako mwenyewe andika utenzi. Usirekebishe majina ya watu ili yafanane na Kiswahili cha shuleni.

Kuhusu «mtunzi»: ndilo neno la kutumia kwa mashairi na hadithi, na «mtungaji» si kosa, ila halijashika sana. Angalia tu kwamba mtunzi huweza pia kutoka kwenye kutunza. Kikadi kikisema «Mtunzi wa nakala hii», mtu atadhani ndiye aliyeutunga utenzi, kumbe ni mwenye kuihifadhi. Mwenye kuhifadhi mwite mtunzaji. Na mswada wa mkono ukiwa na jina la aliyeunukuu kwa kalamu yake, huyo ni mnakili. Muhamadi Kijuma wa Lamu alinakili tenzi nyingi kwa ajili ya wasomi wa Kizungu, Hichens akiwa mmojawao. Alikuwa mshairi pia, lakini utenzi alioununulia wino tu hauwi wake. «Mwandishi» kwa maandiko ya kale lina utata, kwa kuwa aliyetunga na aliyenakili wote waliandika. Liweke kwa vitabu vya nathari vya siku za karibu.

Kikadi cha pili kimeponzwa na «wa». Wasifu wa Siti binti Saad unamhusu Siti, mwimbaji wa taarabu wa Unguja. Aliyeuandika ni Shaaban Robert, wa Vibambani hapo hapo Tanga. Utendi wa Mwana Kupona umetungwa na Mwana Kupona. Utenzi wa Hati nao si wa mtu aitwaye Hati: ni wa Shaaban Robert akimuusia bintiye, kama Utenzi wa Adili alivyomuusia mwanawe wa kiume. «Wa» moja, kazi tatu: mtunzi, mhusika, na jina la kazi yenyewe. Dawa ni kuongeza kitenzi, nacho kikubali ngeli ya kitu kinachotajwa: wasifu umeandikwa, utenzi umetungwa, kitabu kimetungwa, hadithi imetungwa. Vikadi vingi huandikwa «kimetungwa» kila mahali kwa kuwa aliyeandika anafikiria kitabu. Jicho la msomaji linakwama.

Sasa «mwandishi wa kike». Ni sahihi, na «mwandishi mwanamke» pia ni sahihi. Wingi ni waandishi wa kike, au waandishi wanawake. Mimi napendelea la pili, maana «-a kike» hubeba pia habari ya tabia na mitindo: sauti ya kike, mambo ya kike. Lakini lisigandishwe kila kikadi. Liseme mara moja kwenye kichwa cha kabati, basi.

Penye hatari ya kweli ni kwamba Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika kitenzi. «Aliandika» ni yeyote. Mwingereza anayesoma habari za H. More atakutana na kiwakilishi cha kike sentensi ya pili. Mwanafunzi wako hatakutana nacho kamwe. Kwa hiyo jina la kwanza liandike kamili: Hannah More, Sarah Trimmer, Mary Martha Sherwood. Herufi moja na nukta huwafuta. Penye lakabu, toa na jina halisi: Hesba Stretton ni lakabu ya Sarah Smith, ambaye hadithi zake za dini zilitolewa na Religious Tract Society, shirika lililoanzishwa London mwaka 1799. Wengine hawakuweka jina lolote, bali maneno ya Kiingereza yenye maana ya «kimetungwa na bibi mmoja». Hapo usiandike «mama mmoja». Hatujui kama alikuwa na mtoto. «Bibi mmoja» linatosha, na ikiwa jina limekuja kujulikana baadaye, liandike mstari wa chini.

Tumefika kwa Hannah More, na kikadi hiki ndicho kilichojaa makosa ya biashara.

«Vipeperushi» hapana. Kipeperushi ni karatasi moja. Mfululizo wake, Cheap Repository Tracts, uliotoka kuanzia 1795 hadi 1798, ulikuwa na vijitabu vya kurasa 24 au pungufu, vyenye picha ya kuchonga kwenye ubao, pamoja na nyimbo zilizopigwa chapa kwenye karatasi moja. Sema vijitabu, makanisani neno «trakti» limezoeleka, nalo si baya. Usiseme «karatasi 24» ukikusudia kurasa, kwani karatasi moja ina kurasa mbili.

«Mchapaji» hapana. Mchapaji ni mwenye mtambo. Mchapishaji ni anayebeba gharama na hasara. Vijitabu hivi vilipigwa chapa na kuuzwa na Samuel Hazard mjini Bath na John Marshall mjini London, na gharama zikasaidiwa na michango ya matajiri. More alikuwa mwanzilishi, mhariri, na mtunzi wa karibu nusu ya zaidi ya vijitabu 100. Dada yake Sarah alitunga baadhi. Vyake More alivitia saini ya herufi Z tu. Kwa hiyo kwenye picha ya ukurasa usiandike «jina halikutajwa», andika «saini: Z».

«Vilinunuliwa na maskini milioni 2» ni sentensi yenye kosa la sarufi na la historia kwa pamoja. Namba inafuata nomino iliyo karibu, kwa hiyo umesema maskini walikuwa milioni mbili. Ulichotaka ni nakala milioni 2, ndiyo hesabu inayotajwa kwa mwaka wa kwanza. Nani alizinunua ni jambo jingine. Bei ilikuwa nusu peni, peni moja, au peni moja na nusu, na aliyenunua kwa jumla alipunguziwa. Wachuuzi wa barabarani walinunua ili wauze, na ndiyo ilikuwa hila yenyewe: vijitabu vivae sura ya hadithi za mtaani ili wachuuzi wavibebe. Lakini wenye mashamba, makasisi na mabibi wa mjini nao walinunua mafungu makubwa wakayagawa bure shuleni, magerezani na kwa watumishi wao. Kwa hiyo tenganisha vitenzi: ziliuzwa, ziligawiwa, zilisomwa. Cha kwanza tuna hesabu yake. Hakithibitishi cha tatu. «Kusambaza» ni neno la kujificha nyuma yake, liepuke kwenye kikadi kama hiki.

«Mrabaha» nalo litoe. Mrabaha ni fungu la mtunzi kwa kila nakala inayouzwa. Watunzi wengi wa zama zile walikuwa wakiuza haki ya kitabu kwa malipo ya mara moja, au wakichapishiwa kwa gharama zao wenyewe, au wakikusanya majina na fedha za wanunuzi kabla kitabu hakijachapwa. Kila njia iseme kwa maneno yake. Kwa vijitabu hivi vya More iseme michango na mauzo, uishie hapo.

Kama kabatini una vitabu vya Kiswahili vya misheni ya Kianglikana ya Magila, utaona vingi vimeandikwa London na herufi S.P.C.K. Hilo ni shirika lililochapisha, lililoanzishwa 1698. Halisemi fasiri ilifanyika wapi wala na nani. Penye ukimya andika «Mfasiri: hakutajwa». Ukiandika «hakuna» umesema kitabu kilijifasiri chenyewe, na ukiandika «hajulikani» umedai umeshatafuta kwingine kote.

Kilichobaki ni kichwa cha kabati. «Vitabu vya wanawake vya mawaidha» kinaelekea kueleweka kuwa vitabu wanavyosomeshwa wanawake. «Vitabu vya dini na mawaidha vilivyotungwa na wanawake» ni kirefu lakini hakina mlango wa pili. Ukikichagua hicho, Wasifu wa Siti uuhamishie rafu nyingine, pamoja na Utenzi wa Hati ikiwa nao umeuweka humo.